Mwaka wa Habari Zilizochacha

Mzee Zakaria tulimzika Louisville mwezi uliopita, na kwenye matanga yake nilimsikia Byamungu akidanganya. Tulikuwa jikoni kwa binti wa marehemu, mimi nakaanga sambaza, yeye anamenya vitunguu na kuvisingizia machozi yake. Wakaingia vijana wawili wa palepale mjini, tai zimewabana shingoni, wanatafuta kitu cha kutafuna. Mmoja akamwambia Byamungu, "Tonton, iko kweli zamani ulikuwa unamuiga mzee mu telefoni? Utuigie kidogo tusikie." Byamungu hakuinua kichwa. "Sikumbuke," akajibu. "Ni zamani sana." Vijana wakachukua samaki wao wakaondoka. Nikaendelea kugeuza sambaza, maana msibani si mahali pa kumuumbua mtu, lakini moyoni nilikasirika. Anakumbuka kila neno. Mimi ndiye niliyekuwa nashika simu akirekodiwa, na ile siku ya Columbus nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia meno yake yakigongana.

Basi kwa kuwa yeye ameamua kusahau, nitakumbuka mimi. Habari za ukoo naziacha. Aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma kama mimi anazijua, na asiyekulia huko amekwisha kuchoka kuzisikia. Ninaanzia mwaka 2015, Buffalo, nikiwa msichana Mrundi ninayetunza wazee katika nyumba iliyonuka supu ya makopo na dawa ya sakafu. Katika chumba cha mwisho, upande wa bustani, aliishi Bi Peggy, Mwingereza aliyemfuata mume Mmarekani, akamzika, kisha akabaki. Wenzangu walimkwepa kwa sababu ya chai. Alitaka maji yachemke kwelikweli, na alikuwa akiletewa maji ya vuguvugu na kifuko cha majani kimelala pembeni, naye alikirudisha kikombe kwa maneno ambayo bibi wa umri wake hakupaswa kuyajua. Mimi nimelelewa na chai inayochemka mpaka inapanda sufuriani, kwa hiyo tulipatana siku ya kwanza. Nilikuwa nambadilishia shuka, yeye anaongea. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza na chake kilitokea puani, lakini tulielewana.

Alikuwa mpiga chapa katika televisheni ya London akiwa msichana kama mimi. Kabla ya hapo, alisema, waziri alihojiwa kama anayeungama kinyumenyume, anayeuliza ndiye anayepiga magoti: mheshimiwa, je, una neno lolote kwa wananchi? Mheshimiwa anasema neno lake, anashukuriwa, kwisha. Kisha Jumamosi moja usiku wakajitokeza vijana waliokuwa wametoka chuoni juzi. Kamera zinaonekana, nyaya zimetapakaa sakafuni, hakuna aliyejali kuzificha. Mtu anakaa kama msomaji wa habari, ana uso wa habari na sauti ya habari, na kinachomtoka mdomoni ni kumvua waziri mkuu nguo mbele ya taifa. Watu waliacha bia zao kwenye baa wakawahi nyumbani kutazama. Bi Peggy alipiga chapa maneno yaliyokuwa yakibadilishwa huku karatasi bado iko mashineni, chai imepoa, mikate ya nyama imekauka kingo kwenye sahani, chumba kizima moshi wa sigara, na vijana wanabishana kama neno fulani litamchoma waziri au litampapasa tu. "Nilicheka mpaka nikakosea herufi," alisema. Wakubwa walinung'unika, wakapiga simu, na uchaguzi ulipokaribia kipindi kikafungwa. Nikamuuliza, "Na wale walioigiza walifungwa wapi?" Hakunielewa. Nikarudia: jela gani? Bi Peggy akashika ukingo wa shuka. "Hakuna aliyefungwa, mpenzi wangu," akasema. "Walipata kazi nzuri zaidi."

Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani, nikamkuta Byamungu amekaa jikoni kwa dada yangu akisubiri ugali. Tulikuwa naye kwaya moja. Ni Mkongo wa Uvira, na kule kambini mitaa yetu ilitenganishwa na bomba la maji. Kitu alichokitaka maishani kilikuwa kimoja tu, kusoma habari redioni. Kule kambini, jioni, watu walikusanyika nje kwa jirani mwenye redio, wamesimama kimya hata watoto, kwa sababu redio ndiyo iliyosema vita vimefika wapi, mpaka umefungwa au umefunguliwa, nani atapokelewa na nchi gani. Byamungu mdogo aliinyonya ile sauti mpaka ikaingia kwenye mifupa. Ukifumba macho akasema "hamjambo popote mlipo", ulikaa wima mwenyewe bila kuambiwa. Lakini Amerika hakuna redio iliyokuwa inamtafuta Mkongo wa kusoma Kiswahili. Alikuwa anapanga vifuniko vya plastiki kwenye maboksi katika kiwanda kimoja Tonawanda, na sauti yake aliitumia kuagiza soda. Nilipomsimulia ya Bi Peggy aliacha kula. Kwa Byamungu hilo si jambo dogo. "Bon," akasema, "donc hata bazungu balianza na nyaya chini. Goreti, hii njo redio yangu."

Tulianza Jumamosi iliyofuata. Tulitundika shuka katikati ya jiko, tukaweka meza, mwiko wa ugali ukawa maikrofoni. Kipindi tulikiita Habari Zilizochacha. Mimi nilifungua kwa salamu, yeye anasoma, dada yangu anapika nyuma ya shuka na sufuria zinasikika, nasi hatukujali kuzinyamazisha. Waziri mkuu hatukuwa naye, lakini tulikuwa na Mwenyekiti. Mzee Zakaria aliongoza jumuiya yetu katika miji mitatu, Buffalo, Columbus na Louisville, na alikuwa na tabia moja: kuhesabu watu. Harusi, msiba, ubatizo, lazima asimame nyuma ya ukumbi akinyoosha kalamu yenye kifuniko, midomo ikimtembea, kisha atangaze, "Tuko bengi, ndugu, tuko bengi!" na kutaja idadi ambayo ni lazima alikuwa amejumlisha na waliomo tumboni. Wazungu wa misaada walimpenda kwa idadi zake. Sisi tulimwogopa, maana yeye ndiye aliyejua nani apelekwe kwa wakili gani na nani aombewe kazi wapi. Hakuna aliyethubutu kumcheka ana kwa ana. Byamungu akamcheka. Alimwigiza akihesabu mbuzi, akihesabu nyota, akiwahesabu watu kwenye lifti na kutangaza kwamba wako mia mbili. Tulituma video zake kwenye makundi ya simu, na simu za watu wetu zilijaa kicheko. Kiwandani Tonawanda Wakongo walisimama wakati wa chakula, vikopo vya maharage mkononi, wanasikiliza. Nilikutana na mama mmoja dukani East Side akanishika mkono akasema tangu atoke Fizi hajawahi kucheka mpaka akakaa chini. Niseme kweli, hakuna mwaka nilioupenda kama ule mpaka ulipofika mwezi wa Februari.

Mwenyekiti alipiga simu mara moja tu. Byamungu aliweka sauti nje ili na mimi nisikie. "Mutoto yangu," mzee alisema, taratibu, "unajua juu ya nini minahesabu batu?" Byamungu akasema hajui, Baba. "Bon. Siku utajua, utaniambia kama ilikuwa ya kucheka." Akakata. Tulijifanya kutoshtuka. Byamungu alimwigiza palepale akikata simu, nami nikacheka.

Wiki ileile Byamungu akaja na wazo lake kubwa. Kwa asiyelijua jambo lenyewe nilieleze kidogo. Kambini kulikuwa na siku ya kuhesabiwa. Kaya nzima inasimama kwenye foleni, mnaitwa kwa majina ya kwenye kadi, mnachovywa kidole kwenye wino. Asiyekuwepo anafutwa: hana chakula, hana kibanda, hana safari ya Amerika. Watu waliingia kwenye foleni ile na uchungu wa uzazi. Walibeba wagonjwa kwenye machela. Basi Byamungu akaandika habari ya kumcheka Mzee Zakaria kwa jambo hilo. Alianza kwa sauti ya redio, bila tabasamu: "Tangazo kwa wakimbizi wote waliofika Marekani. Zoezi la kuhesabiwa upya litafanyika Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wa kanisa, mtaa wa Linden, Columbus. Kila kaya ifike kamili. Asiyekuwepo atafutwa." Kisha ndipo kichekesho kinakuja: Mwenyekiti anahesabu watu, anahesabu viatu vyao, anahesabu vivuli vyao, anafikisha mamilioni na kuapishwa kuwa rais. Dada yangu nyuma ya shuka alicheka hadi akaunguza sombe, kisamvu chetu. Tukaituma video.

Mtu fulani, na mpaka leo hatumjui, aliikata video ile akaacha sauti ya sehemu ya mwanzo tu, ili iwe nyepesi kutuma kwa wazee wenye simu ndogo. Nadhani alikuwa na nia njema. Shuka likaondoka, mwiko ukaondoka, sufuria zikaondoka, vivuli na urais vikaondoka. Ikabaki ile sauti na lile tangazo. Ijumaa nikiwa kazini nilipigiwa na mwanamume wa Louisville nisiyemfahamu vizuri. "Dada Goreti, samahani, muke yangu amezaa juzi. Mutoto hajapata hata jina. Na yeye tumulete? Baridi iko mingi." Nikacheka, nikadhani anaendeleza mzaha. Hakucheka. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayeogopa kumchosha karani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi niliusikia ukitumbuka nikiwa nimesimama chumbani kwa Bi Peggy na birika mkononi.

Tulituma ujumbe kila mahali: ni mchezo, msiende. Majibu yaliyorudi yalitumaliza. "Munataka tubakie mu nyumba ili muhesabiwe peke yenu?" Mwingine: "Hata kule walisema hivyo hivyo." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na watu wetu walikuwa wameumwa mara nyingi. Byamungu alimpigia mama yake aliyekuwa akiishi hukohuko Linden na wadogo zake, simu ikaita bila kupokelewa. Mama alikuwa kazini kwenye ghala. Tukachukua gari la dada yangu tukashika njia ya Columbus, theluji inapiga kioo.

Tulipofika Jumamosi alfajiri, foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Walisimama kaya kwa kaya, baba mbele, watoto kwa vimo, nyuso zimepakwa mafuta zinang'aa, makoti ya kupewa yamefungwa mpaka kidevuni. Walioenda kupasha mwili joto ndani ya magari walikuwa wameacha vitu kushika nafasi zao kama kule kambini walivyoacha mawe: chupa ya chai, kiatu cha mtoto, kiti cha gari cha mtoto mchanga. Wengine walikuwa wameacha zamu zao na nilijua Jumatatu hawatakuwa na kazi. Wazee walikuwa mbele. Watoto waliozoea nchi walikuwa wanauliza kwa Kiingereza tunafanya nini hapa, na mama zao waliwajibu kwa Kiswahili wanyamaze, wasimame vizuri. Sikuona mtu hata mmoja anayecheka.

Byamungu alipanda ngazi za kanisa akapaza sauti. "Ndugu zangu, munisamehe. Ilikuwa muchezo. Hakuna kuhesabiwa. Murudie manyumba." Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja wa mbele, kofia imefunika masikio, akamuuliza bila hasira, "Kijana, nani amekutuma useme vile?" Byamungu akasema hakuna. Mzee akatikisa kichwa. "Kule kambi walituambia hivi: imeahirishwa. Nikapeleka muke yangu ku hopitali. Tulirudia, tukakuta hatuko tena." Akageukia wenzake. "Mimi sitoki." Na wote wakabaki.

Nilipomsimulia Bi Peggy baadaye alianza kwa kucheka, kisha akaacha, akaniomba nimwinue kwenye mto. "Kwetu hakuna aliyesimama kwenye foleni," akasema. Miaka yote hii nimelizungusha hilo kichwani. Wale vijana wa London waliweza kuiigiza sauti ya habari kwa sababu waliokuwa wakiwasikiliza wangeweza kuizima televisheni, wakalala, na asubuhi wakakuta bado wana nyumba na jina. Waliweza kuidharau. Sisi tuliitoa sauti ile mahali ambapo hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kuidharau, kisha tukashangaa. Sisemi Byamungu alikosea kumcheka Mwenyekiti. Mwenyekiti alistahili. Lakini siku ile waliosimama kwenye baridi si Mwenyekiti, na jambo hilo linaniuma leo kama lilivyoniuma pale.

Mama yake Byamungu alikuwa katikati ya foleni, wadogo zake Byamungu mbele yake, naye bado amevaa kizibao cha kazi chenye mistari ya kumetameta. Alikuwa ametoka zamu akapitia nyumbani kuwaogesha watoto. Byamungu alimshika mikono. "Mama, ni mimi. Ile sauti ni yangu." Mama akamtazama kana kwamba amemuuliza jina la baba yake. "Nayuwa," akasema. "Ulizani mama anaweza kupoteza sauti ya mutoto wake? Ni mimi njo niliambia bale bote. Nilisema, redio imemupa Byamungu kazi. Kama ni yeye anasoma, ni kweli." Akamsafisha theluji begani. "Juu ya nini haukunipigia simu? Nilisikia kwa jirani kwanza." Mimi nililia waziwazi, na mtoto mmoja akanipa glovu yake nijifutie.

Mzee Zakaria alitoka nyumbani kwake ng'ambo ya barabara, koti juu ya pajama. Alipita kando ya foleni yote akisalimia, hana haraka. Alipofika ngazini Byamungu akakiri, "Njo mimi, Baba." Mzee akasema alijua, alikuwa ameisikia, alisema moyoni hakuna mjinga atakayekuja. Kisha akampa ufunguo wa kanisa. "Leta meza." Byamungu akakataa. "Baba, ni uongo wangu. Ukibahesabu, utakuwa umeukubali." Mzee akaonyesha foleni kwa kidevu. "Uongo wako uko na batu inje ku baridi. Kweli yako iko na nini?" Byamungu akaleta meza. Wino haukuwepo, kwa hiyo mzee akachukua kalamu ya zambarau ya watoto wa shule ya Jumapili, akakaa, akavua glovu. "Utaita wewe," akasema. "Na ile sauti. Yangu bameshazoea kuicheka."

Byamungu akaita. Kila mkuu wa kaya alipofika mezani alimnong'oneza majina, naye akasimama wima, akayatoa moja baada ya jingine kwa sauti ya redio, kila herufi mahali pake. Watu waliitika "Niko", wakanyoosha kidole, mzee akawapaka ukucha zambarau. Hakusema tuko bengi. Hakuongeza mtu. Alimtazama kila mmoja usoni kabla ya kumpaka, na wazee walipoondoka mezani walitembea wepesi, wengine wakaanza kusalimiana na kuulizana habari za Louisville. Yule mtoto asiye na jina alipakwa ukucha mdogo kuliko punje ya mchele, na baba yake akashukuru mara nyingi mno.

Kisha ikafika zamu ya mama yake Byamungu. Byamungu aliita wadogo zake, wakaitika. Kisha akasema, "Mama Byamungu." Mama hakuitika. Kwetu, Warundi kwa Wakongo, mtoto hatamki jina la mama yake. Hata mtu akikuuliza unazunguka, unasema mama wa fulani. Lakini kwenye kuhesabiwa jina la mama wa fulani halipo. Lipo la kwenye kadi, na usipoitwa kwa hilo hujaitwa. Mama alisimama mbele ya meza, kidole kimenyooka, akimngoja mwanawe. Mzee Zakaria alitazama chini. Byamungu alikuwa amewaita wakubwa wote wa miji mitatu kwa majina yao na kuwacheka, na sasa nilisikia meno yake yakigongana.

"Nabintu Faida," akasema. Alilisema kwa ile sauti, taratibu, bila kulivunja.

"Niko," mama akaitika. Akapakwa ukucha, akautazama, akaupuliza ukauke. Kisha akawageukia waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, uso wote umefunguka, akawaambia, "Mumesikia vile anasoma muzuri?"

Wakasema wamesikia. Byamungu akaita kaya iliyofuata.